Mstari mwekundu chini ya Kiswahili changu: nimekosea mimi au kompyuta?

"Assalaam alaykum, mwalimu. Nina duka dogo la kupiga chapa na kutoa kopi hapa Mwembe Tayari. Kompyuta yangu ni ya mtumba, ina Windows na Word. Nikiandika Kiingereza mambo ni sawa, lakini nikiandika Kiswahili ukurasa mzima unajaa mistari myekundu, hata chini ya neno kama 'tunawakaribisha'. Wateja wakiona kwenye skrini wanadhani sijui kuandika. Tena mwezi uliopita kijana alileta barua ya kuomba kazi, akataka nimpambie Kiingereza. Nikabonyeza neno 'hard' kwenye 'hard worker', nikachagua jingine katika orodha ya visawe, ikatoka 'difficult worker'. Amerudi amekasirika na sikuwa na la kumjibu. Sasa kuna fundi ataka shilingi 3,000 aniwekee programu ya kamusi ambayo ati inajua Kiswahili chote na haihitaji bando. Je, ninunue? Na mstari ule ukitokea, ni mimi niliyekosea au ni kompyuta?"

Wa alaykum salaam, dada yangu. Nitaanza na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokukera zaidi. "Tunawakaribisha" umeliandika sawasawa. Kompyuta nayo haijasema kwamba umekosea. Imesema neno hilo halimo katika orodha iliyopewa, na orodha iliyopewa ni ya Kiingereza. Mfikirie karani wa Kilindini aliyekabidhiwa orodha ya shehena ya meli moja. Ukimpelekea kasha lililoshushwa na meli nyingine atatazama karatasi yake, atatikisa kichwa, atakwambia halimo. Kasha lenyewe hajalifungua, na kilichomo ndani hakijui.

Word huweka alama ya lugha kwenye kila kipande cha maandishi, ingawa wewe huioni. Kompyuta nyingi za mtumba zinazotufikia zimewekewa Kiingereza cha Marekani, kwa hivyo hata "colour" na "centre", maneno tuliyofundishwa shuleni kuyaandika hivyo, hupigwa mstari. Mteja akianza kukutazama kwa jicho la shaka, mwandikie "colour" mbele yake. Ataona kwamba mashine hiyo inakataa hata Kiingereza cha mwalimu wake.

Wengi wetu, na mafundi wamo, huita kila kitu "kamusi ya kompyuta", na mkanganyiko huanzia hapo. Ndani ya Word mna vitu vitatu mbalimbali. Kuna kihakiki tahajia, ambacho ndicho chenye mstari mwekundu: kazi yake ni kulinganisha herufi ulizoandika na orodha yake, basi. Maana ya neno hakiijui, hata moja. Kuna orodha ya visawe, ile inayofunguka ukibonyeza Shift pamoja na F7. Halafu kuna kamusi yenyewe, inayoeleza maana. Hiyo katika matoleo mapya ya Word huletwa kutoka intaneti, ndiyo maana bando likiisha haifunguki. Vile viwili vya kwanza hufanya kazi bila intaneti, mradi vimeshawekwa kwenye mashine. Kwa hivyo sehemu ya kile anachotaka kukuuzia fundi tayari unayo.

Wenye Mac wamezoea mambo kuwa tofauti kidogo. Tangu toleo la Tiger la 2005, Apple hutia kwenye mashine programu ya kamusi pamoja na visawe vya Oxford. Ukiweka kishale juu ya neno ukabonyeza Control, Command na D, maana inajitokeza papo hapo. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi: kompyuta za NeXT, kampuni aliyoianzisha Steve Jobs alipoondoka Apple, zilitoka mwaka 1988 zikiwa na kamusi ya Webster ndani. Windows haikufuata njia hiyo. Ilianza kuhakiki tahajia yenyewe katika toleo la 8, mwaka 2012, lakini programu ya kamusi ya maana haikuja nayo. Kwako wewe, kamusi ni mgeni wa Word, si mwenyeji wa Windows.

Hapa utauliza: mbona basi wasitie orodha ya Kiswahili, tukamaliza? Wameitia, na nitakuonyesha ilipo. Lakini nataka kwanza ufahamu kwa nini hata ukiiweka mistari haitaisha yote, usije ukadhani umeiweka vibaya.

Chukua kitenzi "cook" cha Kiingereza. Kina cook, cooks, cooked na cooking. Maumbo 4, hadithi imekwisha. Sasa chukua "pika" yetu. Viambishi vya nafsi ni 6: ni, u, a, tu, m, wa. Vya wakati, tuchukue 4 tu: na, li, ta, me. Hapo tayari una maneno 24. Geuza iwe "pikia", uweke na anayepikiwa ndani yake, ninakupikia, alitupikia, watawapikia, nawe unakaribia 144, hata ukiyatoa machache yasiyosemeka. Na bado hatujagusa "hatukupika", wala "akipika", wala "angepika", wala "atakayewapikia", wala "walikopikiwa". Huo ni mzizi mmoja. Mtu hawezi kukaa akaandika orodha ya maneno yote ya Kiswahili, kwa sababu sisi wenyewe tunayaunda tunapozungumza.

Watu wa programu walilijua tatizo hili kupitia lugha nyingine. Kuna kihakiki cha bure kiitwacho Hunspell, ambacho ndicho kilichomo ndani ya LibreOffice. Kiliandikwa na László Németh kwa ajili ya Kihangari, lugha inayobandika viambishi kama yetu. Badala ya orodha moja ndefu, kina faili mbili. Moja ina mashina, na kila shina limewekewa alama. Ya pili ina kanuni: shina lenye alama hii laruhusiwa kubandikwa kiambishi hiki na hiki. Ni fikra nzuri sana. Ila Kihangari hubandika zaidi mwishoni mwa neno, nasi twabandika zaidi mwanzoni, na kwa kawaida Hunspell huweza kuvua viambishi viwili nyuma ya shina lakini mbele yake kimoja tu. Sasa litazame neno "hatukuwapikia": ha, tu, ku, wa, vyote vimetangulia shina. Anayetengeneza orodha ya Kiswahili hulazimika kuvigandisha viambishi hivyo vikawa kama kimoja kirefu, au kuandika maneno mazima mazima, moja baada ya jingine. Njia zote mbili huacha mapengo, na kila pengo huwa mstari mwekundu chini ya neno ambalo bibi yako angelitamka bila kufikiri.

Ukibonyeza kulia upate mapendekezo, usidhani kwamba kompyuta imefikiria ulichotaka kusema. Inachofanya ni kuchezesha herufi: inatoa moja, inaongeza moja, inabadilisha mbili zilizo jirani, kisha inatazama lipi kati ya hayo limo katika orodha. Kwa hivyo ikikupa pendekezo la ajabu, liache lilivyo. Wewe ndiye unayejua barua inahusu nini.

Sasa tuje kwenye dawa. Fungua barua ya Kiswahili, bonyeza Ctrl na A kuchagua maandishi yote, nenda Review, kisha Language, kisha Set Proofing Language. Itafunguka orodha ndefu ya lugha. Teremka hadi Kiswahili. Tazama ubavuni mwake: lugha ambayo kihakiki chake kimo kwenye mashine huwa na kialama cha ABC chenye tiki. Ukikiona, chagua Kiswahili, bonyeza OK, na sehemu kubwa ya mistari itaondoka. Usipokiona, maana yake lugha inajulikana kwa jina lakini orodha yake haijawekwa. Microsoft hutoa bure kifurushi cha lugha cha Kiswahili kwa Office ya 2016 na zilizofuata. Kinapakuliwa mara moja, na baada ya hapo hakihitaji bando tena.

Kama Office yako ni ya zamani kuliko hiyo, katika kisanduku kile kile cha lugha kuna mahali pa kuweka tiki palipoandikwa "Do not check spelling or grammar". Kipige tiki kwa maandishi ya Kiswahili pekee. Mistari yote itatoweka, nawe utasoma kwa macho yako, jambo ambalo kwa Kiswahili itakubidi ulifanye vyovyote vile. Kisha hifadhi faili tupu iliyokwisha kuwekwa hivyo, uiite "Barua ya Kiswahili", uwe unaanzia hapo kila mteja wa Kiswahili akija. Hilo ningelifanya leo jioni kabla sijafunga duka. Halikugharimu hata senti.

Njia nyingine ni kuweka LibreOffice, ambayo ni ya bure na haimzuii Word kukaa pale pale. Wakati wa kuiweka usikubali njia ya mkato. Chagua Custom, utafute sehemu ya kamusi, utie tiki kwenye Swahili. Ukishaifungua, weka lugha ya maandishi iwe Swahili (Tanzania), hata kama uko Kenya, kwa sababu orodha yenyewe imeandikishwa kwa jina hilo. Jina la nchi hapo ni la faili tu, wala halina neno na lahaja yako.

Lakini kuhusu lahaja nina la kusema, na kwangu hili ndilo zito zaidi katika barua yako yote, ingawa hukuliuliza. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano hapa hapa Mombasa wa kuamua Kiswahili gani kitumike shuleni na vitabuni Afrika Mashariki. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya kusimamia usanifishaji, na mwaka 1939 ikatoka kamusi ya Frederick Johnson iliyojengwa juu ya uamuzi huo. Kimvita, lahaja ya Mombasa ambayo mshairi Muyaka alitungia mashairi yake, kilikaa kando. Orodha za maneno zilizomo kwenye kompyuta leo ni wajukuu wa uamuzi ule.

Kwa hivyo akija mzee wa Kibokoni na shairi lake umpigie chapa, "ndia", "mato" na "kitwa" yatapigwa mstari hata ukiwa na kihakiki bora kuliko vyote. Si makosa. Ni maneno ya mji huu, ya zamani kuliko kompyuta na kuliko ule mkutano. Tafadhali usimgeuzie "mato" yakawa "macho" kwa kudhani unamsaidia. Mizani itabaki, kwa kuwa silabi ni mbili zile zile, lakini kina kitavunjika, na mzee ataliona hilo kabla hujamaliza kuchapisha. Kuna na hatari ya upande wa pili, iliyojificha zaidi. Akiandika "kuteka" kwa maana ya kucheka, kihakiki hakitasema kitu, maana "kuteka" limo orodhani: ni la kuteka maji kisimani. Neno limepita forodhani kwa hati ya mwenzake. Ndiyo maana nakwambia mstari mwekundu si hukumu, na kutokuwepo kwake si cheti.

Tuje kwa yule kijana wa "difficult worker". Kosa lako ni jepesi kulifanya, na nimeliona likifanywa na watu wenye shahada. Linatokana na kuamini kwamba visawe ni maneno yanayoweza kubadilishana viti. Orodha za visawe hazikuanza kwa nia hiyo. Peter Mark Roget, daktari Mwingereza, alipochapisha orodha yake London mwaka 1852, aliyapanga maneno kwa fikra, si kwa alfabeti, ili mtu mwenye wazo atembee ndani yake hadi alipate neno lililomponyoka. Ni kitabu kilichomhitaji msomaji anayelitambua neno lake akiliona.

Orodha za kompyuta zimepangwa vivyo hivyo. Mojawapo iliyoenea sana ni WordNet, iliyoanza Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, mwaka 1985 chini ya mwanasaikolojia George Miller. Visawe vya Kiingereza vya LibreOffice vimetokana nayo. Ndani yake maneno yamefungwa mafungu mafungu, kila fungu ni maana moja. Neno "hard" limo katika mafungu mengi. Katika fungu moja limekaa na maneno ya ugumu wa jiwe, katika jingine na ugumu wa mtihani, katika jingine na bidii. "Difficult" ni ndugu yake kwenye fungu la mtihani. Wewe ulikuwa unamsema mtu wa bidii, ukachukua neno kutoka nyumba ya jirani. Word hukuonyesha vichwa vya mafungu hayo, vyenye mshale mdogo pembeni. Kabla ya kuchagua neno, soma kichwa cha fungu lake kwanza. Kama kichwa si maana unayoitaka, usiangalie kilicho chini yake kabisa.

Kwa Kiswahili jambo hili tunalijua damuni, ndiyo maana napenda kulielezea kwa Kiswahili. "Kunona" na "kunenepa" utayakuta yamewekwa pamoja, lakini mbuzi ndiye hunona. Mwambie bi harusi amenona uone. "Kufariki" na "kufa" ni maana moja, ila hatusemi kuku wetu amefariki. "Mzee", "kikongwe", "kuukuu" na "chakavu" yote yanahusu umri, lakini baba ni mzee, nyanya wa miaka 90 ni kikongwe, baiskeli ni kuukuu, na kanga iliyofuliwa ikachujuka ni chakavu. Hakuna orodha itakayokuzuia kuandika "baba yangu ni chakavu". Wewe ndiye utakayejizuia, kwa sababu umelisikia neno likitumika tangu utotoni. Kwa Kiingereza hatuna utoto huo, au tunao nusu. Basi shika kanuni ninayoishika mimi: katika lugha ambayo sikuzaliwa nayo, sichukui kisawe nisichowahi kukutana nacho katika sentensi ya mtu mwingine. Kama nakikuta mara ya kwanza ndani ya orodha, nakiacha humo.

Yule kijana alihitaji "hardworking", neno la kawaida kabisa. Zaidi ya hapo, alihitaji mtu wa kumwuliza, "Ulifanya kazi wapi, ukafanya nini?" ili sentensi hiyo ibebe kitu. Ukimpata tena, mwandikie upya bila malipo, umweleze kilichotokea. Najua si biashara, lakini mji huu ni mdogo, na barua ile ilikuwa riziki yake.

Na kuna hati ambazo ningekusihi usiziguse kwa visawe hata kidogo: viapo, mikataba ya nyumba, barua za mawakili, wosia. "Shall" na "may" mtu anaweza kuyaona karibu karibu, kumbe mahakamani moja linaamrisha na jingine linaruhusu. Hati ya aina hiyo piga chapa herufi kwa herufi. Ukiona kosa, mwonyeshe mwenyewe, naye alipeleke kwa aliyeiandika.

Sasa fundi na shilingi zake 3,000. Ushauri wangu ni usinunue, angalau si kabla ya kuijaribu mbele yake. Mtu anayesema programu yake inajua Kiswahili chote hajawahi kuhesabu maumbo ya "pika". Mwambie aifungue kwenye kompyuta yake mwenyewe, kisha uandike "watakaotupikia", "hakumpelekea", "kusikojulikana" na "tulikokwenda". Andika na "Kongowea" na "ndia". Kisha mwombe akuonyeshe visawe vya "nenepa" na maana ya "kitwa". Utajua mwenyewe umefika wapi. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni asili ya programu zenyewe. Nyingi zinazouzwa hivi, kwa flashi na bila risiti, ni nakala zilizovunjwa kufuli, na aliyevunja kufuli mara nyingi huwa ameacha kitu kingine ndani. Kompyuta yako hupokea flashi za wateja kutwa nzima. Ikiingia virusi, utaisambaza Mwembe Tayari yote.

Kwa maana za Kiingereza bila bando zipo programu za bure na halali. WordWeb ina toleo la bure linalokaa kwenye Windows na kutoa maana na visawe bila intaneti. Artha ni nyingine ya aina hiyo. Zote mbili zimejengwa juu ya WordNet, kwa hivyo yale niliyoyasema ya mafungu yanazihusu pia. Pakua kutoka kwa wenyewe, si kutoka tovuti ya kupitisha.

Kwa maana na visawe vya Kiswahili, jibu langu la kweli ni kitabu. WordNet ilitolewa bure na chuo, ikaenea kila mahali. Kamusi zetu kubwa ni mali ya wachapishaji na taasisi, na hazijaingizwa kwenye Word. Weka mezani Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza 1981 na kurekebishwa baadaye, au Kamusi Kuu ya BAKITA ya 2015. Ipo pia Kamusi ya Visawe ya kitabu. Hizo shilingi 3,000 zitumie huko. Kamusi ya karatasi juu ya kaunta humwambia mteja kitu kuhusu duka lako ambacho programu iliyofichika ndani ya mashine haimwambii.

Kuna tabia mbili za Word ambazo kwa kazi yako huenda zinakuharibia bila kujua. Ya kwanza ni masahihisho ya moja kwa moja. Word hugeuza "i" iliyosimama peke yake kuwa herufi kubwa, kwa kuwa kwa Kiingereza ndivyo inavyoandikwa, basi "nyumba i wapi" inakuwa "nyumba I wapi". Ukiorodhesha ajenda kwa (a), (b), (c), ile ya tatu inageuka alama ya hakimiliki. Bonyeza Ctrl na Z mara moja hapo hapo, irudi ulivyoandika; au uende File, Options, Proofing, kisha AutoCorrect Options, ukafute hizo mbili kabisa.

Ya pili ni "Add to Dictionary". Ni amri nzuri kwa majina: Kongowea, Mwembe Tayari, majina ya wateja wa kila siku. Lakini kila unachokiongeza humo huwa sahihi milele machoni pa mashine. Nilipokuwa nikihariri jarida la chama kimoja, siku ya haraka nilibonyeza amri hiyo juu ya "mwenyekti", i ikiwa imeanguka. Neno hilo halikupigwa mstari tena, nasi tulilichapisha hivyo katika matoleo matatu mfululizo, chini ya picha ya mwenyekiti mwenyewe, hadi mkewe akaliona. Nilijisikia vibaya sana. Tangu hapo, kila baada ya muda hufungua Options, Proofing, Custom Dictionaries, nikaisoma orodha niliyoikusanya neno kwa neno. Fanya hivyo na wewe wiki hii, hasa kwa vile mashine yako ilikuwa ya mtu mwingine. Hujui yeye aliongeza nini.

Jambo moja kuhusu faragha. Kuna huduma za kwenye intaneti zinazosahihisha maandishi vizuri kuliko chochote kilichomo ndani ya Word, lakini hufanya hivyo kwa kuyapeleka maandishi kwenye kompyuta zao huko mbali. Wewe unashika nambari za vitambulisho, barua za hospitali, kesi za ndoa. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na hata isingekuwepo, aliyekuletea karatasi yake alikuamini wewe. Kazi za wateja zihakiki kwa vile vilivyomo ndani ya mashine, na kwa macho.

Macho hayo yanahitajika zaidi pale ambapo hakuna mstari wowote. Kwenye kadi ya harusi, "ndoo" badala ya "ndoa" hupita salama, maana ndoo ni neno halali. "Hawa" na "hapa", "kaka" na "kaa", "form" na "from", zote hupita. Kabla ya kuchapisha kadi 200, chapisha moja, umpe mwenye shughuli aisome kwa sauti mbele yako, kisha atie sahihi. Kwa sauti, dada. Akisoma kimoyomoyo atasoma anachokitarajia.

Kuna wakati wa kuacha kuhangaika peke yako. Ikiwa hata baada ya kuchagua Kiswahili Word inarudi Kiingereza kila ukifungua, au menyu ya Language haifunguki, au mashine imeanza kuleta madirisha ya matangazo tangu fundi alipoigusa, mpelekee fundi mwenye duka na risiti, na uhamishe kazi za wateja kwenye diski ya nje kabla hajaishika. Kwa shairi la Kimvita usilolielewa, mwulize mtunzi, au umtafute mwalimu wa Kiswahili aliyekulia Mji wa Kale. Kwa hati ya kisheria, wakili. Na ukikwama kwenye hatua yoyote kati ya hizi, niandikie toleo la Office ulilo nalo, utalikuta ukibonyeza File kisha Account, nami nitakwambia kifurushi kipi cha Kiswahili kinakufaa.